Ripoti ya trafiki ilisema nilirudi nyuma

"Dereva wa gari dogo alirudi nyuma bila kuchukua tahadhari na kuligonga gari lililokuwa limesimama nyuma yake." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye PF 90, yaani taarifa ya polisi, ya ajali yangu ya Tabata, na dereva wa gari dogo ni mimi. Sikurudi nyuma. Nilikuwa nimesimama kabla ya zebra, mguu uko kwenye breki, nasubiri watoto wa shule wavuke, pikapu ikaja ikanigonga.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo. Taa ya nyuma ya kulia ilipasuka, bampa likapinda, mlango wa buti ukagoma kufunguka, na shangazi yangu aliyekaa kiti cha mbele akakakamaa shingo. Hakuna aliyelazwa. Gari langu ni Toyota IST, spea zake zimejaa Dar, na ningeweza kulitengeneza kwa fedha yangu maisha yakaendelea. Lakini karatasi ile inasema jambo ambalo halikutokea, ina mhuri, ina jina langu, na tayari ilikuwa inatumika kunidai. Ndiyo maana niliipinga. Na ninaandika jinsi nilivyoipinga kwa sababu tangu nilisimulie jambo hili ofisini na kwenye kikoba chetu, watu wamekuwa wakinivuta pembeni kuniambia kwamba nao yaliwakuta, wakalipa, wakanyamaza.

Ilikuwa kama saa 11 na nusu jioni, jua bado lipo, namrudisha shangazi kwake Segerea. Mwalimu alikuwa anavusha watoto waliotoka masomo ya ziada. Baada ya kishindo, kijana wa pikapu alishuka kabla yangu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, mko salama?" La pili, "Breki hazikushika." Aliyasema hayo mbele ya mzee fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini ulio karibu na zebra, mbele ya vijana wa kijiwe cha bodaboda, na mbele ya yule mwalimu. Kisha akampigia simu tajiri wa gari. Baada ya simu ile hakusema tena habari za breki.

Trafiki aliyekuja kupima alifanya kazi yake vizuri, na nataka niseme hivyo waziwazi. Alimwomba bodaboda mmoja amshikie futi upande wa pili, akapima upana wa lami, akapima kutoka ukingoni hadi kwenye matairi yetu, kisha akainama kwenye michirizi myeusi iliyoachwa na matairi ya pikapu, akaipima nayo. Mimi nilipiga picha za magari yakiwa bado pale pale, kutoka mbele, nyuma na ubavuni, moja nikiwa nimesogea mbali kiasi cha kuonyesha zebra, mwarobaini na ile michirizi kwa pamoja. Nikaingia pia kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nikaweka namba ya usajili ya pikapu, nikaona bima yake ni hai na imekatwa kampuni gani. Hilo lifanyeni mkiwa bado barabarani. Mkishaachana, huyo tajiri mtamtafuta kwa simu isiyopokelewa.

Kituoni nilipewa namba ya RB, namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Shangazi alikuwa ameanza kushindwa kugeuza shingo, kwa hiyo nikaomba PF 3, fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe, tukaandikiwa, nikampeleka Hospitali ya Amana. Maelezo yangu hayakuwa yameandikwa. Askari wa zamu aliniambia, "Nenda kamhudumie mama kwanza, njoo kesho." Nilimshukuru, na bado namshukuru. Ila tajiri wa pikapu alikuja jioni ile ile mimi nikiwa hospitali, na maelezo ya upande wake yaliandikwa kwanza.

Kesho yake nilimkuta askari mwingine, ndiye aliyekabidhiwa jalada. Nilimweleza, akaandika, nikasoma, nikasaini kila ukurasa. Alipomaliza akafunga daftari akasema, "Dada, hii ni ajali ndogo. Nitawaandikia nyote wawili notifikesheni, kila mmoja alipe elfu thelathini, kila mmoja aondoke na gari lake."

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Elfu thelathini si fedha ya kukutoa jasho ukilinganisha na gari kulala kituoni huku wewe unapanda daladala mbili kwenda kazini. Unalipa, unapewa risiti, unaondoka. Lakini ile ni faini ya kosa. Ukiilipa, umekubali kwamba umetenda kosa lililoandikwa pale, na nakala ya karatasi hiyo ikifika bima hakuna atakayekusikiliza ukisema ulilipa ili yaishe. Kwa yule aliyekugonga, elfu thelathini yako ina thamani kuliko elfu thelathini yake.

Nilimwambia, "Afande, naomba uniambie kosa langu ni lipi, ndipo uniandikie." Hakunijibu. Akasema nikae nisubiri. Nilikaa. Mchana mkaguzi wa magari akaja, akayakagua yote mawili, akajaza PF 115, fomu ya ukaguzi wa gari, na jioni nikaruhusiwa kuchukua gari. Sikuandikiwa chochote. Nikadhani haki imeonekana.

Kumbe PF 90 ilishaandaliwa. Nililijua hilo siku afisa madai wa kampuni yangu ya bima aliponipigia kuniambia kwamba mwenye pikapu ameleta madai dhidi yangu: showi, taa mbili na rejeta. Nilikwenda ofisini kwao. Yule dada aliniwekea mezani ripoti, ramani ya ajali na nakala ya ukaguzi, akaniachia nisome taratibu. Nilisoma ile sentensi ya kurudi nyuma. Nikasoma chini yake: "Majeruhi: hakuna." Na juu, kwenye saa ya ajali: 19:30.

Nilipomsomea shangazi jioni ile, akiwa bado amevaa kola ya shingo, aliniuliza, "Mwanangu, kwani mimi sikuwemo garini?" Nilikosa la kumjibu. Hasira niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa ya gari. Baada ya swali lile ikawa ya kitu kingine kabisa.

Sasa, kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Ninakaa na vipimo kutwa nzima, na mchoro uliopimwa vizuri huwa naweza kuujua. Ramani ya yule trafiki wa barabarani ilikuwa imepimwa vizuri. A hadi B, upana wa lami, mita 7. C, gari dogo, matairi ya mbele yakiwa yamekanyaga zebra, maana kugongwa kulinisukuma mbele. D, pikapu. E hadi F, alama za breki, mita 5.8, zikiishia chini ya matairi ya D. Nilirudia kusoma mstari huo mara nyingi. Alama za breki, mita 5.8, zinaishia kwenye matairi ya gari ambalo ripoti ya ukurasa wa pili inasema lilikuwa limesimama.

Gari lililosimama haliachi alama za breki. Mhandisi tunayefanya naye kazi alinikokotolea kwenye karatasi: lami kavu, matairi yaliyojifunga, mita 5.8, maana yake pikapu ilipoanza kufunga breki ilikuwa kwenye mwendo wa si chini ya kilomita 30 kwa saa, na huko hatujahesabu nguvu iliyobaki ya kunigonga. Kwa eneo la makazi, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, huo si mwendo mkali. Kijana hakuwa anakimbia. Alikuwa karibu mno na mimi, na amebeba mbao. Sikutaka aandikwe kwa alichokifanya zaidi ya hapo.

Saa nayo nilifikiri mwanzoni ni kosa la kalamu tu. Halafu nikaona uzito wake. Saa 1 na nusu usiku hakuna watoto wa shule barabarani, na pasipo watoto sababu yangu ya kusimama inatoweka. Giza limeingia, gari dogo liko katikati ya barabara bila sababu, linarudi nyuma. Hadithi nzima inakubalika kwa kubadilisha saa ya ajali tu. Lakini PF 3 ya shangazi, iliyotolewa na kituo hicho hicho, iliandikwa saa 18:40. Polisi walimwandikia majeruhi karatasi ya kutibiwa kabla ajali haijatokea, tena majeruhi ambaye ripoti inasema hayupo.

Mtaani kwetu kuna mzee polisi mstaafu. Nilimwendea na nakala zangu, nikamwambia nataka kuandika barua kwamba askari mwenye jalada amehongwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ulimwona akipewa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi usiandike hivyo, mama. Ukituhumu askari, jalada linaacha kuwa la ajali linakuwa la askari. Watamshughulikia au watamlinda, wewe utabaki na PF 90 yako ile ile. Andika ajali." Mpaka leo sijui kama kuna kitu alipewa. Sikuona, na sisemi. Ushauri wa yule mzee ndio uliobadilisha kila kitu kilichofuata.

Nikaandika kwa Mkuu wa Kituo, nakala kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya na wa Mkoa. "YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA TAARIFA YA AJALI", nikaweka namba ya RB, tarehe na mahali. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ukurasa mmoja na nusu. Sikuweka neno moja la kulalamika. Niliandika kwamba ramani ya ajali iliyochorwa na askari wenu inaonyesha alama za breki za mita 5.8 zinazoishia kwenye matairi ya pikapu, ilhali PF 90 inasema pikapu ilikuwa imesimama. Kwamba PF 3 yenu ilitolewa saa 18:40, ilhali PF 90 inaweka ajali saa 19:30 na kusema hakuna majeruhi. Kwamba maelezo yangu niliyoyasaini yapo kwenye jalada lakini hayakuonekana kuzingatiwa. Na kwamba wapo mashahidi waliokuwepo ambao hawajahojiwa. Nikaomba jalada lipitiwe upya na taarifa irekebishwe kabla bima haijalipa mtu. Nikaambatanisha picha zilizosafishwa studio, zikiwa na tarehe na saa nyuma yake kwa mkono, maana picha ya kwenye simu huwa inaangaliwa sekunde mbili ikarudishwa.

Masjala walitaka niache barua niondoke. "Acha tu hapo, mkuu ataiona." Nilisema kwa heshima kwamba naomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Ilichukua muda, kukawa na kutafuta mhuri, kukawa na kumtafuta mwenye mhuri. Nilisubiri. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa, kesho ukiulizia, haikuwahi kufika.

Shahidi ndiye aliyenipa kazi. Vijana wa bodaboda walikumbuka kila kitu mpaka nilipotaja neno polisi. Duka la dawa lina kamera, lakini imeelekezwa mlangoni, barabara haionekani. Mwalimu alikuwa tayari, ila alikuwa amewapa watoto uso na barabara mgongo. Alisikia kishindo, hakuona. Akabaki yule mzee fundi viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lilishapona?"

Nikamweleza. Aliendelea kushona kiatu bila kuninyanyulia macho. Akasema aliona vizuri, kwa sababu alikuwa amewaangalia watoto, huwa anahofia zebra ile. Ila akienda polisi kazi inalala, na viatu vya watu viko pale, akipoteza kimoja ni deni. Nilielewa. Nilitamani kumpa fedha ya kufidia siku yake na nikajizuia, kwa sababu shahidi aliyepewa fedha, hata ya nauli, keshapoteza nusu ya neno lake, na tajiri wa pikapu asingekosa kuuliza. Mwishowe mama muuza mahindi wa jirani yake akasema, "Nenda mzee, viatu nitakaa navyo mimi." Mzee akavua aproni, akavaa shati alilokuwa ameliweka kwenye mfuko, tukaondoka. Aliandikisha maelezo yake kwa utulivu, akasoma mwenyewe, akasaini. Walipomuuliza kama tuna undugu alisema, "Huyu namjua kwa jina la yule aliyegongwa."

Tukaitwa wote kwa mkuu wa trafiki wa wilaya: mimi, kijana, tajiri wake, askari mwenye jalada, na yule trafiki aliyepima. Mkuu alikuwa na ramani mezani. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia aliyepima.

"Hizi alama za E na F ni za gari gani?"

"Za pikapu, afande."

Tajiri akaingilia kwamba barabara ile ina michirizi mingi, huenda ni ya gari jingine la siku nyingine. Mkuu akachukua ile picha yangu ya mbali, akaigeuza akasoma saa nyuma yake, akairudisha upande wa picha. Michirizi inaonekana mieusi, inaingia moja kwa moja chini ya matairi ya pikapu. Akamuuliza askari mwenye jalada, "Gari lililosimama linaachaje alama za breki?" Askari akasema aliandika kutokana na maelezo aliyoyapokea. Mkuu akamuuliza kama aliisoma ramani. Chumba kikanyamaza.

Halafu akamuuliza kijana. Nilimhurumia sana wakati ule, na simwandiki hapa kwa chuki. Alimwangalia tajiri, akaangalia chini, akasema, "Afande, breki zilichelewa." Baadaye pale nje aliniambia kwamba tajiri alimwahidi kumkata gharama zote kwenye mshahara endapo kosa lingekuwa lake. Kijana analipwa kwa mwezi, ana mtoto mchanga. Bima ya pikapu ni hai, nimeiona mwenyewe kwenye mfumo, ipo kwa ajili ya jambo kama hili hasa, na bado mtu aliona ni nafuu kumfundisha dereva wake kusema uongo. Na PF 115 ilikuwa na mstari ambao hakuna aliyeutaja mpaka siku ile: pedi za breki za mbele za pikapu zimekwisha. Hilo ni jukumu la mwenye gari. Niliomba liingie kwenye taarifa, likaingia.

PF 90 mpya imetoka. Chanzo cha ajali: dereva wa pikapu hakuacha umbali wa kutosha kutoka gari la mbele, na gari lilikuwa na ubovu wa breki. Saa: 17:30. Majeruhi: mmoja. Nilihakikisha inaonyesha kwamba inafuta ile ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeshasambaa kwenye kampuni mbili za bima, na karatasi ya zamani isipofutwa kwa maandishi huendelea kutembea. Nikazipeleka nakala zote mbili mwenyewe. Kampuni yangu imefunga madai dhidi yangu na kunipa barua ya kuthibitisha.

Bima ya pikapu imepokea madai yangu, na mtathmini wao amekuja gereji akapiga picha. Tunachobishania sasa ni taa, wao wanataka kulipia ya mtumba, mimi naitaka mpya, na matibabu ya shangazi, ambayo wanasema wataendelea kuyaangalia. Nimewaandikia na nimewapa muda wa kujibu. Wasipojibu, naipeleka TIRA, na kama haitatosha naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jalada langu liko tayari: ripoti ya kwanza, ripoti ya pili, ramani, PF 3, PF 115, risiti za Amana na nakala ya kila barua, kila moja na mhuri wake wa kupokelewa.